Nyumba Isiyouzwa Peke Yake

Ukitoka Nakuru kupitia Mau Summit, barabara huteremka polepole hadi Chepseon, na muda si mrefu chai huanza kuikaba pande zote mbili. Kufika Brooke, senta iliyorithi jina la kampuni ya chai ya Brooke Bond, macho yamekwisha kuzoea rangi moja. Ndani ya kijani hicho, mbali kidogo na lami, mwishoni mwa njia za murram zilizopandwa miti kando, ndiko ziliko nyumba za zamani za mameneja: kuta za mawe ya kuchongwa, mabati mekundu, bomba la moshi, baraza pana, na uwanja wa nyasi unaoteremka kuelekea mtoni. Mkenya aliyejaliwa vijisenti akiziona huuliza swali moja tu: hii inauzwa pesa ngapi?

Haiuzwi. Au tuseme kwa usahihi zaidi, imeuzwa mara nyingi, lakini haijapata kuuzwa peke yake. Nyumba ya meneja ndani ya shamba la kampuni huuzwa pamoja na chai inayoizunguka, kiwanda kinachovuma usiku kucha, zahanati, shule, msitu wa mikaratusi na kijiji kizima cha wafanyakazi. Mkataba hutiwa saini mbali, na anayefagia baraza huenda akazisikia habari redioni. Kati ya mwaka 2021 na 2024 peke yake, sehemu kubwa ya nyumba za namna hii katika Kericho na Bomet ilibadili mmiliki. Kuelewa jinsi nyumba na kijiji vilivyofungwa fundo moja hivyo, inabidi kuanza kabla jiwe la kwanza halijachongwa.

Nchi hii ilikuwa ya Wakipsigis, wafugaji na wakulima wa wimbi. Maboma yao hayakusongamana. Yalitawanyika juu ya vilima, kila familia na nyumba zake za mviringo za udongo na nyasi, na mto au ukingo wa kilima ndio uliotenga ujirani mmoja na mwingine. Ujirani huo ndio kokwet. Wazee wa kokwet walikaa chini ya mti wakaamua mambo: nani alishe wapi, uharibifu wa mazao ulipwe vipi, kazi ya pamoja ya kupalilia au kuvuna iangukie siku gani. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuuza kilima. Shamba la wimbi lilikuwa la aliyelima kwa kadiri alivyolima, na malisho yalikuwa ya wenye ng'ombe wote wa ujirani. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa sababu waliokuja baadaye waliona malisho yasiyo na uzio wakaandika kwamba ardhi ni tupu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901. Haikupita Kericho, ilipita kaskazini kidogo, na kituo cha Lumbwa, ambacho sasa ni Kipkelion, kikawa mlango wa kuingilia nchi hii. Miaka minne baadaye, katikati ya mwaka 1905, kikosi cha serikali chini ya Meja Richard Pope-Hennessy kiliingia Sotik kuwaadhibu Wakipsigis kwa kuteka ng'ombe wa Wamaasai na kukataa kuwarudisha. Watu wengi waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto, na ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, kwa jirani zao Wanandi, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Sheria nazo zilikuwa zikienda sambamba na bunduki. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimpa kamishna uwezo wa kugawa ardhi, na ile ya 1915 ikarefusha ukodi wa walowezi hadi miaka 999. Hapo ndipo kilima kilipopata hati kwa mara ya kwanza.

Wenyewe wa kwanza waliokuja na hati hizo hawakuwa watu wa chai. Walikuwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza wakiwa vilema, mmoja hana mkono, mwingine mapafu yameharibiwa na gesi. Mwaka 1919 serikali ilikata ekari 25,000 hivi katika nchi ya Wakipsigis kuwapa, na wao wakaunda koloni lao la ushirika lililojulikana kwa herufi za kifupi, BEADOC. Zao walilolichagua lilikuwa kitani, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei yake sana. Ni vigumu kutowahurumia hata kidogo. Walipewa nchi yenye mvua kubwa na barabara za matope, mikokoteni ya ng'ombe ikizama hadi ekseli kati ya Lumbwa na Kericho, na wengi wao hawakuwa wamepata kulima hata kitalu. Bei ya kitani ilianguka vibaya mara baada ya vita. Wakati huohuo fedha ya koloni ikabadilishwa kutoka rupia kwenda florini na hatimaye shilingi, kwa kiwango kilichoongeza uzito wa madeni ya kila mlowezi. Koloni la vilema halikudumu. Ila ardhi yao haikurudi kwa kokwet. Iliwekwa sokoni, na hilo ndilo lililokuwa soko la kwanza la ardhi hii.

Chai ilikuwa imeshafika Kenya. G. W. L. Caine aliipanda Limuru mwaka 1903, ikakaa zaidi ya miaka 20 kama mti wa majaribio na wa mapambo. Huku Kericho ndugu wa ukoo wa Orchardson walikuwa nao wamejaribu miche. Mmoja wao, Ian Orchardson, mtoto wa mchoraji mashuhuri wa Uingereza, alikuja kuishi miongoni mwa Wakipsigis, akaoa kwao na kuandika habari za mila zao. Maandishi yake yalitoka kitabu mwaka 1961. Lakini aliyeigeuza chai kuwa nchi nzima alikuwa mwenye mtaji. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni mawili yalijitokeza karibu pamoja. Brooke Bond ilikuwa ya wauza chai wa Uingereza, na James Finlay ilikuwa nyumba ya biashara ya Glasgow iliyoanzishwa mwaka 1750 na yenye mashamba makubwa India. Finlay ilichukua ardhi ya BEADOC na mwaka 1926 ikaisajili African Highlands Produce Company, jina ambalo wazee wa Bomet hadi leo hulifupisha kuwa African Highlands tu.

Kwa nini kampuni hizi zilijenga vijiji, wakati mlowezi wa kahawa au ngano aliajiri vibarua wa msimu? Jibu limo ndani ya mmea wenyewe. Kahawa ina majira yake. Ikishachumwa, mchumaji anaweza kwenda kwao. Chai ya Kericho haina likizo. Nchi hii iko juu ya mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu na Ziwa Victoria linaloitumia mvua alasiri baada ya alasiri, pamoja na mawe ya mvua ambayo huchana majani mara nyingi kuliko karibu popote pengine duniani. Kwa unyevu huo kichaka hutoa machipukizi mwaka mzima, na kila kichaka lazima kipitiwe upya baada ya wiki moja au mbili. Majani mawili na chipukizi lake yakishachunwa huanza kuharibika, hivyo ni lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kukaa mbali na shamba, mchumaji hawezi kukaa mbali na kiwanda, na meneja anayeulizwa kila jioni kilo ngapi zimeingia hawezi kukaa mbali na wote wawili. Ramani yote ya vilima hivi, kutoka Jamji na Kerenga hadi Saosa, Kitumbe na Marinyn, ilichorwa na saa zile chache kati ya kuchuna na kukausha.

Nyumba ya meneja ilikaa juu, kwa kawaida mgongoni mwa kilima, mahali ambapo baraza liliona kiwanda na sehemu kubwa ya shamba. Hapo awali ilikuwa ya mbao au ya nyasi, maana mameneja wa kwanza nao walilala penye siafu. Fedha ya chai ilipoanza kuingia, mawe yalichongwa. Mafundi wengi walikuwa Masingasinga kutoka Punjab, waliobaki nchini baada ya kazi ya reli au waliokuja kwa nauli zao. Kericho ilikuwa na karakana yao maarufu, Kericho Wagon Works, iliyoanza na magari ya kukokotwa na ng'ombe na baadaye ikageukia samani. Kati ya watu wa karakana hiyo alikuwa Puran Singh, fundi ambaye baadaye, huko Uingereza, maelfu walimfuata kama mwalimu wa dini, naye akajulikana kwa jina la mji huu: Kerichowale, mtu wa Kericho. Hekalu kubwa la Masingasinga lililopo mjini leo limejengwa kwa kumbukumbu yake. Kwa hiyo katika nyumba hizi jasho lilikuwa la mataifa matatu: mbebaji Mwafrika, seremala Mpunjabi na mtia saini Mskoti.

Ndani kulikuwa na mahali pa kuotea moto, kwa sababu Kericho usiku ni baridi hasa. Palikuwa na stoo, chumba cha chakula na jiko lililotengwa nyuma ili moshi usiwafikie wageni. Nyuma zaidi, ng'ambo ya kamba za nguo, vilikuwa vyumba vya watumishi: mpishi, yaya, boi wa nyumba, mtu wa bustani, mlinzi wa usiku. Maji ya kuoga yalichemshwa nje ndani ya pipa lililowashiwa kuni. Waridi lilistawi, na mimea ya Uingereza iliyogoma mahali pengine Afrika ilikubali hapa. Baadhi ya wakulima wale waliupenda udongo kwa dhati. Tom Grumbley, baada ya Vita Kuu ya Pili, alikusanya miti ya kila aina na kuipanda Chagaik kuzunguka bwawa, na bustani ile ya miti bado ipo, mojawapo ya mahali pazuri kabisa katika nchi ya chai.

Chini ya kilima ilikuwa laini, yaani makazi ya wafanyakazi. Kampuni zilipenda kuiita kijiji, na kwa kweli ilikuwa kijiji, ila kijiji kilichopangwa kwa rula. Vibanda vya mviringo vya mwanzo vilifuatwa na safu za nyumba za chumba kimoja au viwili, zote zimepakwa rangi moja na kupewa namba, bomba la maji la pamoja, vyoo nyuma. Wakipsigis wenyewe hapo mwanzo hawakuwa na haraka ya kuchuna chai ya mtu mwingine juu ya ardhi waliyoihesabu yao. Walikuwa na ng'ombe, walikuwa na mahindi ya kuuza, na aliyeingia kazini mara nyingi alikuwa kijana anayetafuta fedha ya kodi. Kampuni zikatafuta watu Kisii, Ujaluo na Uluhya. Hivyo kila laini ikawa na lugha nne au tano, na Kiswahili kikapata kazi. Watoto waliozaliwa kule walikinywa pamoja na maziwa, na hadi leo Kiswahili cha laini za Kericho ni chepesi na kisicho na aibu kuliko cha vijiji vya jirani.

Kengele au king'ora kiliamsha laini kabla ya jua. Wachumaji walipanga mstari, mnyapara akagawa mistari ya chai, kila mtu akajifunga aproni ya kuzuia umande na kutia kapu mgongoni. Mikono hufanya kazi haraka kuliko macho ya mgeni yanavyoweza kufuata. Adhuhuri na jioni majani yalipimwa, karani akaandika, na ubishi juu ya mizani ni wa kale kama mizani yenyewe. Jumapili kulikuwa na makanisa kadhaa ndani ya laini moja, na mpira wa miguu uwanja ukiwa mkavu. Zahanati ya kampuni ilizalisha watoto. Hospitali ya Brooke Bond Kericho ilitunza rekodi zake za malaria vizuri hivi kwamba miongo kadhaa baadaye watafiti wa malaria ya nyanda za juu walizigeukia kama hazina. Lakini kila huduma ilikuwa na sharti moja. Nyumba, maji, shule, kitanda cha hospitali, vyote vilishikamana na kazi, na siku kazi ilipokwisha mtu alifunga virago. Alizaa pale na akazika pale, hana hata hatua moja ya ardhi. Hapa ndipo laini ilipotofautiana kabisa na kokwet.

Mwaka 1934, wakati chai ya kwanza ikiwa imeshakomaa, serikali ilipitisha sheria mahsusi dhidi ya ukoo mmoja wa Wakipsigis. Talai walikuwa ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho ambao neno lao lingeweza kuinua vijana. Watu wa ukoo huo, mamia kadhaa, wazee, wanawake na watoto, walikusanywa na kupelekwa Gwassi, pembeni mwa Ziwa Victoria, nchi ya joto yenye malaria na mbung'o. Ng'ombe walikufa, watoto walikufa. Walioruhusiwa kurudi, karibu na wakati wa uhuru, walikuta malisho yao ni mistari ya chai na maboma yao hayajulikani yalikuwa wapi. Baadhi walijibanza pembeni mwa mji wa Kericho, na wajukuu wao wako hapo bado bila hati. Nimeona maandishi mengi yanayoipa habari ya Talai aya moja mwishoni, baada ya sifa za waridi na baraza. Mimi naona mpangilio huo haufai, kwa sababu bila kuwaondoa watu walioweza kuwaamsha wengine, usalama wa nyumba ile ya juu ya kilima ungebaki wa mashaka.

Hata hivyo mambo ya nyumba za wageni yalipenya vijijini kwa njia zisizopangwa na mtu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia, mwongozaji wao akiitwa Chemutoi Ketienya, wimbo unaomtaja kiumbe wa ajabu, Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kusini mwa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika nchi hii pamoja na Wazungu. Wasichana walikuwa wamemchukua mtu wa sauti ile, wakamgeuza nusu mnyama, wakamwimba kwa ala za kwao. Rekodi hiyo imesikilizwa duniani kote. Hii ni dalili kwamba upande wa pili wa ua hawakukaa tu wakitazama. Waliwatazama watazamaji, wakawacheka.

Miaka ileile ya 1950 ndiyo iliyoukamilisha mji wa Kericho. Brooke Bond ilijenga Tea Hotel kwa wageni wake, na karibu na uwanja wa mji lilisimama kanisa la mawe la Holy Trinity ambalo lingeweza kuhamishiwa Uingereza lisishangaze mtu. Mwafrika, kwa wakati huo, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuruhusiwa kupanda chai. Kwa miongo mitatu zao hilo lilihifadhiwa kwa makampuni; mkataba wa kimataifa wa 1933 uliozuia upanuzi ili kulinda bei ulitoa sababu nzuri ya kumkatalia mkulima mdogo, na hofu ya kupoteza vibarua ilikuwa sababu nyingine isiyosemwa sana. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliozaliwa katikati ya vita vya Mau Mau, ndio uliofungua mlango. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na miche ikavuka barabara.

Uhuru ulipokuja, walowezi wa nyumba moja moja waliondoka. Sotik na Kipkelion, walikofuga ng'ombe wa maziwa na kulima, mashamba mengi yalinunuliwa kwa mikopo ya makazi au na watu waliochangishana, na nyumba ya mzungu ikawa ya familia ya Mkipsigis, wakati mwingine ya familia tano, kila moja na mlango wake. Huko unaweza kununua nyumba ya kale leo, ukishapatana na warithi. Mashamba ya chai hayakuguswa. Serikali mpya ilihitaji fedha za kigeni, na kiwanda cha chai hakikatwi vipande vya ekari kumi kumi kikaendelea kuzunguka. Meneja Mwingereza akastaafu, meneja Mkenya akahamia katika nyumba ileile, na mtu wa bustani akaendelea kukata nyasi zilezile.

Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na mapinduzi yasiyo na kelele. Kutoka Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek, Kapset, Tirgaga na Kapkoros upande wa Bomet, familia ziliotesha chai nusu ekari, ekari moja, ekari mbili, na viwanda vyao vikajengwa katikati yao. Hapo ndipo kijiji cha kweli cha nchi ya chai kilipo sasa. Nyumba ya mabati imepakana na kichaka cha chai, ng'ombe wawili wa maziwa wako bandani, migomba nyuma, na maziwa ya mursik yanagandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa wa senetwet. Asubuhi mama na vijana huchuna, alasiri hubeba hadi kituo cha kununulia wakisubiri lori, na mvua huwakuta pale kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Mwezi wa bonasi maduka ya Litein hujaa, karo hulipwa na madeni husamehewa au hufufuliwa. Bonasi ikiwa ndogo, mikutano ya viwanda huwa mikali, na ni haki yao: wao ni wenye hisa. Mkulima huyu akitaka kuuza nyumba yake, anaweza. Mara nyingi hataki.

Ndani ya shamba la kampuni mauzo yaliendelea bila kumwuliza mtu. Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, na kwa siku moja nyumba zote, laini zote na hata bwawa la Chagaik vikawa vyake. Mwaka 2000 Finlay ikawa mali ya Swire kikamilifu. Kwa mchumaji jina la bango tu ndilo lililobadilika. Kilichombadilishia maisha kilikuwa kingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 makundi ya watu yalivamia makazi ya wafanyakazi, hasa ya waliotoka Kisii, wakaua, wakabaka na kuchoma. Wahanga 218 wa shamba la Unilever walikwenda mahakamani London, na Julai 2018 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kampuni mama haikuwa na dhamana juu yao. Hivyo laini ikajifunza kwamba mwenye nyumba si lazima awe mwenye wajibu. Kisha zikaja mashine za kuchuna, ambazo kila moja hufanya kazi ya watu wengi. Vyama vya wafanyakazi vilizipinga kwa miaka, na Mei 2023 zilichomwa moto mashambani na vijana wenye hasira. Mashine haihitaji chumba, wala zahanati, wala shule. Zikiongezeka, safu za laini hufungwa milango.

Katika mambo yote haya kuna karatasi moja iliyobadilika kwa faida ya kokwet, na haikubadilishwa na kampuni. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 65, ilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodi usiozidi miaka 99. Ile miaka 999 ya 1915 ilikatwa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba yapimwe upya na wenyeji wa Kericho na Bomet wafidiwe, na makampuni yakaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliielekezea Uingereza wasiwasi wao juu ya ardhi na mateso ya zamani, na Agosti 2022 Wakipsigis na Talai waliifikishia Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya malalamiko dhidi ya serikali ya Uingereza.

Pengine si bahati tu kwamba wamiliki wa zamani wa mashamba walichagua wakati huohuo kuondoka. Novemba 2021 Unilever ilitangaza kuuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners kwa euro bilioni 4.5, na mwaka 2022 mauzo yakakamilika. Mwaka 2023 Finlay, karibu karne moja tangu ifike, iliuza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, fungu la asilimia 15 likitengwa kwa ushirika wa wenyeji. Mwaka 2024 Lipton, jina jipya la biashara ile iliyokuwa ya Unilever, nayo ilitangaza kwamba inawauzia Browns mashamba yake. Kwa hiyo vilima vilivyogawanywa kati ya Glasgow na London vimefika mikononi mwa kampuni moja ya kisiwa ambacho chenyewe kiligeuzwa shamba la chai na Waingereza haohao.

Wenyeji wanaodai ardhi wanauliza kama asilimia 15 ni mwanzo wa kurudishiwa au ni bei ya kunyamazishwa. Jibu langu ni kwamba hisa si ardhi, na ushirika usiojulikana vyema wanachama wake ni nani hauwezi kusimama mahali pa kokwet. Wanaotaka kujua shamba la karibu nao liko chini ya hati gani wana haki, kwa kifungu cha 35 cha Katiba, kuomba taarifa zilizo mikononi mwa dola, na ofisi za ardhi ziko Kericho na Bomet. Wakati upo, lakini una mwisho wake: ukodi wa miaka 99 uliohesabiwa kuanzia Agosti 2010 unakwisha Agosti 2109.